Sura ya Tano: Amesoma, Mbona Hana Kazi?

Swali hili huulizwa msibani, kwenye daladala, kwenye vikao vya harusi na ofisini kwa mwalimu mkuu. Mzazi aliuza ng'ombe wawili, au kipande cha shamba, au alikopa kwenye kikoba, akamlipia mwanawe ada mpaka chuo. Joho likavaliwa, picha ikapigwa na kutundikwa ukutani. Miaka miwili baadaye kijana bado yuko nyumbani, na mama anamuuliza jirani kwa sauti ya chini: "Hivi huyu amesomea nini hasa, mbona hapati kazi?"

Ni swali la haki. Majibu mawili hutolewa haraka. La kwanza ni kwamba vijana wa siku hizi wanachagua kazi. La pili ni kwamba wajiajiri. Yote mawili yanamtwisha kijana mzigo mzima, kana kwamba shule, mwajiri na serikali vilimaliza wajibu wao siku ya mahafali. Sura hii inatazama kipande cha safari ambacho hakina msimamizi: kati ya mtihani wa mwisho na mshahara wa kwanza. Vijana wengi wa Tanzania hukwama hapo, na hapo ndipo panaporekebishika.

Foleni ya Uwanja wa Taifa

Juni 2014, vijana zaidi ya 10,000 walijaa Uwanja wa Taifa, Dar es Salaam, kufanya usaili wa Idara ya Uhamiaji. Nafasi zilikuwa 70. Mwaka 2025 Mamlaka ya Mapato ilitangaza nafasi 1,596, na walioomba wakapita 100,000. Katika mwaka wa kwanza, kila nafasi iligombewa na watu zaidi ya 140. Katika mwaka wa pili, zaidi ya 60.

Wengi hutoa kwenye hesabu hizi somo moja tu, kwamba serikali haiwezi kuajiri kila mtu. Ni kweli. Sensa ya 2022 ilihesabu Watanzania 61,741,120, na zaidi ya theluthi yao wana umri wa miaka 15 hadi 35, ambao ndio ujana kwa hesabu za serikali. Hakuna hazina inayoweza kuwalipa mishahara wote hao.

Lakini foleni ile ina somo la pili. Maelfu ya vijana wale walikuwa na vyeti vinavyofanana, vya masomo yanayofanana, vilivyopatikana kwa mitihani ya kuandika. Mwajiri aliyeshika bahasha 300 mezani hana njia ya kujua nani kati yao anaweza kuifanya kazi. Basi anachuja kwa alama za chuo, kisha kwa usaili wa dakika kumi, na mahali pengi anaishia kumuuliza mtu anayemwamini: "Unamfahamu kijana yeyote anayejituma?" Vijana huita hali hiyo koneksheni, na wanailaumu kwa haki. Upendeleo upo. Ila koneksheni hustawi zaidi pale ambapo hakuna ushahidi mwingine wa uwezo wa mtu. Kijana ambaye fundi, meneja wa hoteli au mhasibu mkuu amemwona akifanya kazi kwa miezi kadhaa ana ushahidi huo. Asiyewahi kuonekana kazini na mtu yeyote hana, hata kama cheti chake kina alama nzuri.

Kazi zenyewe ziko wapi

Tunaposema soko la ajira tunamaanisha mahali popote ambapo nguvu na ujuzi wa mtu hununuliwa: ofisini, kiwandani, shambani, gereji, saluni, jikoni mwa hoteli. Watanzania wengi hufanya kazi katika kilimo na katika shughuli ndogondogo zisizo rasmi, yaani zisizo na mkataba wa maandishi, hifadhi ya jamii wala hati ya mshahara. Ofisi yenye kiyoyozi ni pembe ndogo ya soko hilo, ingawa shule zetu nyingi bado hufundisha kana kwamba ndiyo soko zima.

Nenda Keko, Dar es Salaam, uone vitanda na makabati yakirandwa na kupigwa msasa kando ya barabara. Nenda Gerezani kwa wanaokata na kuchomelea vyuma, au Unga Limited kule Arusha. Katika kila karakana utamkuta mwenye kazi na vijana wawili watatu waliomzunguka. Hawakuomba kazi kwa barua. Waliletwa na mjomba, au na jirani, au walianza kama saidia fundi kwa kubeba mbao na kushika taa. Hii ndiyo shule ya ufundi iliyopokea vijana wengi kwa miaka mingi, ingawa haina jengo wala mtaala.

Ina nguvu yake. Kijana anajifunza mbele ya mteja. Anamsikia fundi akikadiria bei, anamwona akipoteza hela kwa kununua mbao mbichi, anaona jinsi ya kumtuliza mwenye kabati aliyeahidiwa Ijumaa na leo ni Jumanne. Mambo hayo hayaandikwi ubaoni.

Ina pia udhaifu mkubwa. Muda wa kujifunza hauna kikomo, na kijana anaweza kukaa miaka mitano akiosha vipuri. Malipo ni hela ya chakula, siku zikiwa nzuri. Akiumia, anajiuguza. Akihamia mkoa mwingine, hana karatasi ya kuonyesha anachojua, na anaanza tena kwa kushika taa.

Tazama gereji. Fundi mzoefu husikiliza injini ya gari la zamani akakwambia kasoro iko wapi kabla ya kufungua boneti. Ujuzi huo ni wa kweli, na ameutolea jasho. Lakini magari yanayoingia nchini sasa yanaongozwa na kompyuta na sensa, yaani vifaa vidogo vinavyopima joto, hewa na mafuta na kupeleka taarifa kwenye kompyuta ya gari. Sensa ikidanganya, mlio wa injini hautamwambia fundi chanzo. Anahitaji mashine ya kusoma hitilafu, na anahitaji kuelewa umeme kiasi cha kutambua kwamba kipuri kinachotajwa na mashine kinaweza kuwa kizima na waya wake ndio mbovu. Mengi ya hayo yanafundishwa chuoni. Upande wa pili yuko mhitimu wa chuo anayeijua saketi kwenye karatasi, lakini hajawahi kufungua gari la mteja ambaye amekaa kwenye kiti cha plastiki akimtazama. Fundi ana nusu ya kazi, mhitimu ana nusu nyingine, na mara nyingi wako mtaa mmoja.

*Kwa kifupi: kazi nyingi ziko kwenye karakana na biashara ndogo. Karakana inafundisha kazi bila nadharia wala cheti. Chuo kinatoa nadharia na cheti bila kazi ya kutosha.*

Tuliwahi kujaribu

Wazo la kuunganisha elimu na kazi si geni hapa. Mwaka 1967 Mwalimu Nyerere alitoa waraka wa Elimu ya Kujitegemea, akikosoa shule zinazomtenga mtoto na maisha ya watu wake. Baadaye shule za sekondari zikapewa michepuo: kilimo, biashara, ufundi, sayansi kimu. Waliosoma Ifunda, Moshi Ufundi au Tanga Ufundi enzi hizo bado husimulia karakana zenye mashine zinazofanya kazi na walimu waliojua kuzitumia.

Kwa nini haikudumu? Kuna sababu mbili ninazoziona nzito kuliko nyingine. Ya kwanza ni jembe. Katika shule nyingi, kujitegemea kuligeuka kulima shamba la shule bila somo lolote la kilimo ndani yake. Hakuna aliyepima udongo, aliyelinganisha mbegu wala aliyeweka hesabu ya mapato. Mwanafunzi aliyechelewa namba alipewa kipande cha kulima kama adhabu. Tulikifundisha kizazi kizima kwamba kazi ya mikono ni mateso ya waliokosea, na kizazi hicho ndicho cha wazazi wa leo wanaotaka mtoto apate kazi ya ofisini tu.

Sababu ya pili ni gharama. Somo la historia linahitaji mwalimu, vitabu na ubao. Somo la kuchomelea linahitaji mashine, umeme, nondo na vioo vya kukinga macho, na vitu hivyo huisha kila muhula. Uchumi ulipobanwa, fedha za vifaa ndizo zilizokatwa kwanza. Kufikia miaka ya 1990 mashine zilikuwa zimechakaa katika shule nyingi, walimu wa ufundi hawakupata warithi, na michepuo ikafifia. Somo hili tulikumbuke, maana tumeanza tena.

Uanagenzi: kujifunza ukiwa kazini

Uanagenzi ni mafunzo ya kazi kwa mkataba. Kijana, anayeitwa mwanagenzi, hutumia sehemu kubwa ya muda wake kazini chini ya fundi na sehemu nyingine darasani. Analipwa posho. Mwishoni anapimwa na mtu ambaye si mwajiri wake, na akifaulu cheti chake kinatambulika nchi nzima. Mkataba, posho na upimaji wa mtu wa nje ndivyo vinavyoutenganisha uanagenzi na usaidia fundi.

Ujerumani ndiyo inayotajwa zaidi. Huko mwanagenzi hukaa kazini siku tatu au nne za wiki na shuleni siku moja au mbili, kwa takribani miaka mitatu, huku mwajiri akimlipa. Chemba, yaani jumuiya ya wafanyabiashara au mafundi wa eneo, ndiyo inayosimamia mtihani. Waajiri wenyewe wanakaa kwenye meza inayoamua nini kifundishwe, kwa hiyo mashine mpya ikiingia kiwandani, habari hufika darasani.

Tanzania imeshaonja mfumo huo. VETA, yaani Mamlaka ya Elimu na Mafunzo ya Ufundi Stadi, iliyoundwa kwa sheria ya 1994, imeendesha mafunzo inayoyaita uanagenzi pacha kwa ushirikiano na chemba ya mafundi ya Hamburg, katika fani kama umeme na ufundi magari. Chuo cha Taifa cha Utalii nacho, pamoja na Shirika la Kazi Duniani na hoteli, kilianzisha uanagenzi wa kazi za hoteli katika muongo wa 2010. Mwanafunzi anayetandika vitanda 14 kabla ya saa sita mchana, akiangaliwa na msimamizi ambaye wageni wake wanangoja vyumba, anajifunza kasi ambayo chumba cha mfano cha chuo hakiwezi kumpa. Na akimaliza, kuna meneja anayelijua jina lake.

Shida ni ukubwa. Miradi hii imewafikia wachache ikilinganishwa na vijana wanaoingia sokoni kila mwaka. Ili ipanuke, lazima tujibu hoja ya mwajiri, ambayo ni hoja nzuri: "Nikimfundisha mimi, akishaiva si ataenda kwa mwenzangu?"

Atakwenda, wakati mwingine. Ndiyo maana gharama haipaswi kubebwa na mwajiri mmoja mmoja. Na Tanzania tayari inakusanya fedha kwa ajili hiyo. Mwajiri mwenye wafanyakazi 10 au zaidi hulipa tozo ya kuendeleza ujuzi, ambayo Julai 2023 ilishushwa hadi asilimia 3.5 ya jumla ya mishahara anayolipa. Waajiri wameilalamikia kwa miaka, na kiwango kimeshuka hatua kwa hatua kutoka asilimia 6. Mimi naona kushusha kiwango kumetatua tatizo lisilo kubwa. Kubwa ni kwamba mwajiri anayepokea wanagenzi wanane analipa sawa na yule asiyepokea hata mmoja. Arudishiwe sehemu ya tozo kwa kila mwanagenzi aliyekaa kwake muda wote na kufaulu mtihani wa nje. Hapo hoja yake itakuwa imejibiwa kwa fedha, na waajiri wengine watapiga hesabu wenyewe.

Fildi isiwe ya kutoa fotokopi

Wanavyuo wetu tayari wana daraja lao kwenda kazini: mafunzo kwa vitendo, ambayo wenyewe huyaita fildi. Ni wiki nane hivi za likizo ndefu. Kwa wengi ni wiki za kupotea. Kijana anahangaika kutafuta mahali pa kwenda, akitegemea tena shangazi anayefanya kazi wizarani. Akipata, anakuta hakuna aliyepangwa kumfundisha. Anatoa fotokopi, anapeleka mafaili, anatumwa maji. Nauli na chakula anajilipia. Wiki ya mwisho anajaza kitabu cha kumbukumbu kwa siku zote kwa mkupuo, na mtu ambaye hakumwona akifanya chochote anakitia saini.

Kurekebisha hili hakuhitaji sheria mpya. Chuo kiandikiane na mwajiri kabla, kikitaja kazi tatu au nne ambazo mwanafunzi lazima azifanye kwa mkono wake. Kwa wa uhasibu, kwa mfano, alinganishe daftari la benki na la ofisi, aandae malipo ya mishahara ya mwezi mmoja, ahesabu bidhaa ghalani. Mwajiri amtaje msimamizi kwa jina. Mhadhiri aende kumtazama mwanafunzi akifanya mojawapo, badala ya kupita kusalimia na kukusanya saini. Muda nao urefushwe. Wiki nane zinatosha kujua mlango wa stoo ulipo. Miezi sita mfululizo inatosha kumfanya mtu awe wa msaada, na mwajiri humkumbuka mtu aliyekuwa wa msaada.

Vipi kuhusu kujiajiri?

Sipingi kujiajiri. Wengi wa mafundi wa Keko wamejiajiri, na nchi inawategemea. Ninachopinga ni kumpa ushauri huo kijana ambaye hajawahi kufanya kazi ya mtu mwingine. Halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato yao ya ndani kwa mikopo ya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu, na vijana hupata asilimia 4. Ni fedha muhimu. Lakini mara nyingi kikundi huundwa kwa sababu mkopo umetangazwa, na wanakikundi wanajifunza ufugaji wa kuku kwa kuku wa mkopo. Aliyekaa miaka miwili kwenye banda la mwingine anajua chanjo ya kideri inatolewa lini, na anajua mteja gani hulipa kwa wakati. Kwa maoni yangu, muda wa uanagenzi uliothibitishwa uwe sifa mojawapo ya kupata mkopo huo. Ni ulinzi kwa fedha za halmashauri, na zaidi kwa kijana atakayebaki na deni.

Fundi asiye na cheti

Tukisema kila kijana wa ufundi akae kazini, swali linalofuata ni: kwa nani? Viwanda vikubwa ni vichache na vimejikusanya katika miji michache. Lakini kila wilaya ina mafundi. Wengi wao hawana cheti, na mfumo rasmi haukuwahi kuwaita walimu.

VETA ina utaratibu unaoitwa kurasimisha ujuzi. Fundi aliyejifunzia mtaani anapimwa kwa kazi halisi, anaongezewa mafunzo mafupi pale penye upungufu, na akifaulu anapewa cheti bila kurudi darasani miaka miwili. Wanaoupitia husema faida ya kwanza ni zabuni: hospitali au shule ya serikali inaweza kumpa kazi fundi mwenye karatasi. Kuna faida kubwa zaidi ambayo bado hatujaivuna. Fundi aliyerasimishwa anaweza kusajiliwa kuwa mkufunzi, akapokea wanagenzi wawili kwa mkataba, akalipwa kidogo kwa kazi ya kuwafundisha, na akatembelewa na mwalimu wa chuo kila mwezi. Mwalimu naye asiende kukagua tu. Akae na fundi, amwonyeshe mashine ya kusoma hitilafu, na yeye aonyeshwe jinsi fundi anavyotambua gia iliyokwisha kwa mkono.

Kabla hujalipa ada

Mzazi hana uwezo wa kubadili sera kwa wiki moja, lakini ana uwezo wa kuuliza. Ukienda kumwandikisha mtoto chuo chochote, cha umma au binafsi, uliza haya:

- Waliomaliza miaka miwili iliyopita wako wapi leo? Chuo kinachofuatilia wahitimu wake kina jibu. Kisichofuatilia kitakuonyesha majengo.
- Mwanafunzi anakaa kazini wiki ngapi, na mahali pa kwenda anatafuta yeye au chuo?
- Nani anamtungia mtihani wa vitendo, na je, kuna mwajiri anayekuwepo?
- Walimu wake wa fani waliwahi kuifanya kazi hiyo nje ya chuo?
- Vifaa vya karakana ninavyoviona vinatumika, au vimefungiwa kwa ajili ya wageni?

Maswali haya yakiulizwa na wazazi wengi katika siku moja ya usajili, mkuu wa chuo atayapeleka kwenye kikao chake mwenyewe.

Mkondo wa amali na mwaka 2027

Sera ya elimu iliyofanyiwa mapitio na kutolewa 2023 imeigawa sekondari ya chini katika mikondo miwili: wa jumla na wa amali. Amali ni mafunzo ya kazi maalumu, kama ujenzi, umeme, ushonaji, kilimo au upishi, yanayotolewa pamoja na masomo ya kawaida, ili anayemaliza kidato cha nne awe na cheti cha shule na cheti cha fani. Wanafunzi wa kwanza waliingia kidato cha kwanza Januari 2024, katika shule chache zilizochaguliwa.

Ninaipenda hatua hii, na ninaihofia kwa sababu nilizozitaja kwenye michepuo. Shule ikiagizwa kufundisha uashi bila mfuko wa saruji wa kila muhula, mwanafunzi atanakili michoro ya tofali kwenye daftari. Serikali haiwezi kujenga karakana kamili katika kila sekondari ya kata, na haina haja. Mwanafunzi wa umeme aliye mji mdogo anaweza kwenda siku mbili kwa wiki kwa fundi aliyesajiliwa umbali wa dakika 20 kwa miguu, na fedha ambazo zingenunua mashine ya kukaa ndani ya kontena zikamlipa fundi huyo na kumkatia kijana bima ya ajali.

Kundi hilo la kwanza linamaliza kidato cha nne mwishoni mwa 2027. Kila halmashauri inajua ni wanafunzi wangapi wa amali ilionao na wa fani zipi. Inachopaswa kuongeza ni orodha ya pili, ya mafundi na waajiri wa eneo lake walio tayari kupokea vijana, kila mmoja na idadi anayoweza. Afisa elimu na afisa biashara wakae meza moja, waziweke orodha hizo mbili pamoja, wahesabu nafasi zinazopungua katika kila fani, kisha waanze kuzitafuta kabla vijana hawajafanya mtihani.